Kubadilisha spika ya amplifaya ya gitaa mwenyewe: omu kwanza, wati baadaye

Amplifaya ya gitaa ikianza kukoroma, wengi wetu huibeba moja kwa moja hadi kwa fundi redio na kuiacha huko wiki nzima. Wakati mwingine ni kazi ya mchana mmoja tu, na vifaa vyake vingi unavyo tayari: bisibisi ya msalaba, spana ndogo, maltimita ya bei nafuu, chuma cha kulehemu na risasi yake, kipande cha kadibodi na betri moja ya tochi. Kufungua na kufunga skrubu hakumshindi mtu. Kinachowashinda watu ni kununua, kwa sababu duka lililojaa spika hadi darini linaweza lisiwe na hata moja inayolifaa gitaa.

Hapa nazungumzia kombo, yaani amplifaya na spika zikiwa boksi moja, yenye spika ya inchi 12. Kama yako ni ya inchi 10 au 8, hatua ni zilezile.

Hakikisha mgonjwa ni spika

Spika husingiziwa makosa mengi. Kabla hujatoa hela, unganisha amplifaya yako na spika nyingine ya gitaa yenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilezile. Kwenye Fender Hot Rod Deluxe, kwa mfano, waya wa spika unachomekwa nyuma ya chasi (sanduku la chuma lenye saketi) kwa plagi kama ile ya gitaa, kwa hiyo unazima, unachomoa, unachomeka ya kuazima. Sauti ikibaki mbovu, tatizo liko kwenye amplifaya na spika haina kosa.

Kama huna ya kuazima, zima amplifaya, chomoa plagi ukutani, ondoa ubao wa nyuma kama upo, kisha fanya haya.

Weka ncha za vidole vya mikono yote miwili kuizunguka karatasi ya spika (ile koni inayotikisika) kwa usawa, uisukume polepole milimita chache, uiachie. Ikienda na kurudi kimya, ni dalili nzuri. Ukisikia mkwaruzo, au vidole vikihisi kitu kinasugua ndani, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) imepinda au imeungua na sasa inagusa chuma cha sumaku. Hiyo haiponi kwa gundi. Sukuma kwa usawa lakini, maana ukikandamiza upande mmoja hata spika nzima itakwaruza na utaihukumu bure.

Halafu tenganisha waya mmoja kwenye spika na upime omu kwa maltimita. Spika iliyoandikwa omu 8 itakuonyesha kama 6 hadi 7, ya omu 16 itakuonyesha kama 12 hadi 14, ya omu 4 itakuwa juu kidogo ya 3. Usishtuke kwamba namba imepungua: kilichoandikwa kwenye kibandiko ni ukinzani wa spika ikipitisha muziki, na mita inapima waya wa koili peke yake. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika. Lakini angalia kwanza zile nyuzi laini zilizosukwa zinazotoka kwenye vishikizo vya waya kwenda katikati ya karatasi. Mara nyingine zimekatika pale pale kwenye kishikizo kwa kutikisika miaka mingi, na tone moja la risasi linairudisha spika kazini.

Karatasi iliyochanika urefu wa ukucha haihitaji spika mpya. Kipande cha karatasi nyepesi ya shashi na gundi nyeupe ya mbao, pande zote mbili, tabaka jembamba, uache usiku kucha ikauke. Mpasuko mrefu unaofuata ukingo ni habari nyingine.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho watu hukiruka, na kinawagharimu spika ya pili. Kama koili imeungua, uliza imeunguzwa na nini. Amplifaya ya transista iliyoharibika sehemu ya kutolea sauti inaweza kumwaga umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, kwenye nyaya za spika, na umeme huo unaikaanga koili hata gitaa likiwa halijaguswa. Kwa amplifaya ya transista tu: tenganisha spika, punguza sauti yote hadi sifuri, washa, uweke maltimita kwenye volti za DC na uguse nyaya mbili za spika. Inatakiwa usome karibu na sifuri, milivolti chache hadi makumi kadhaa. Ukiona volti nzima, tena volti kadhaa, zima. Hapo sasa ni kazi ya fundi, na spika mpya isubiri.

Kwa amplifaya ya valvu, yaani yenye zile taa za kioo zinazowaka, kipimo hicho usikifanye. Amplifaya ya valvu haiwashwi bila spika hata kwa dakika moja, kwa kuwa transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na kuna la hatari zaidi: ndani ya chasi kuna kapasita zinazohifadhi volti 300, 400 na zaidi hata baada ya kuchomoa plagi. Hizo zinaua. Kubadilisha spika kwa kawaida hakukupeleki ndani ya chasi, basi usijipeleke.

Kununua: hapa ndipo penye kazi

Ingia duka la spika Kariakoo, au kule Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, useme unataka spika ya inchi 12. Mazungumzo nayajua.

"Kaka, chukua hii. Wati elfu moja."

"Ni za RMS?"

"Hii ni wati elfu moja, kaka, angalia imeandikwa."

Imeandikwa kweli. Ila namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni PMPO, kipimo cha kufurahisha macho ya mnunuzi. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani wati ambazo spika inazibeba muda wote. Na hata ikiwa RMS yake ni 300 kweli, bado inaweza kuwa spika ya disko au ya gari, na gitaa likipita humo linatoka limefubaa.

Sababu ni kwamba spika ya gitaa imeumbwa kwa kazi moja. Karatasi yake ni nyepesi, haina mwendo mrefu wa kwenda mbele na nyuma, na inaanza kuzima sauti kali inapofika karibu na hezi 5,000, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde. Kule kuzima ndiko kunakoondoa ukali wa gitaa likipigwa kwa mkoromo, likabaki na utamu. Spika ya besi ya disko ina karatasi nzito ya kusukuma hewa nyingi polepole. Ukiifunga kwenye amplifaya ya wati 40 utafungua sauti hadi mwisho na bado mpiga ngoma atakufunika.

Dukani angalia ukingo wa karatasi. Ukiwa wa mpira au sponji nene, irudishe kwenye shelfu. Spika za gitaa zina ukingo wa karatasi au kitambaa kilichokunjwakunjwa. Spika nyingi za ukumbini nazo zina ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo ukingo peke yake haumalizi shauri. Soma masafa: ya gitaa huandikwa kitu kama hezi 70 hadi 5,000. Ukiona imeandikwa hezi 35 hadi 3,000, hiyo ni ya besi.

Majina utakayokutana nayo zaidi ni Celestion ya Uingereza, Eminence ya Marekani na Jensen, ambayo zamani ilikuwa ya Chicago na siku hizi inatengenezwa Italia. Kama duka halina, kuagiza ni bora kuliko kubahatisha. Na kwa kuwa spika zenye vibandiko vya uongo zipo, omba mzani. Celestion Vintage 30 ina kilo 4.7 kwa karatasi za mtengenezaji, na Greenback ya G12M ina kilo 3.6. Ukishika "Vintage 30" yenye kilo 3, umepata jibu bila kubishana na mtu.

Sasa mpangilio wa kuchagua.

Omu ndiyo ya kwanza. Angalia nyuma ya spika ya zamani na nyuma ya amplifaya. Imeandikwa 8, nunua 8. Amplifaya ya transista ina kiwango cha chini isichotakiwa kushuka. Ikiwa kiwango hicho ni omu 8 ukaifungia spika ya omu 4, itavuta umeme mwingi, itachemka, na transista za kutolea sauti zitaondoka. Ukiifungia ya omu 16 haifi, inapungua nguvu tu. Amplifaya ya valvu inataka omu zilingane na transfoma, juu wala chini usicheze.

Kombo yenye spika mbili ina hesabu kidogo. Fender Twin Reverb ina mbili za omu 8 zilizofungwa sambamba, na amplifaya inaona omu 4. Zikifungwa kwa mfuatano zingekuwa 16. Boksi la Marshall la spika nne linalotoka na omu 16 lina spika za omu 16 kila moja, mbili mbili kwa mfuatano kisha jozi mbili sambamba, ndiyo maana jumla inarudi 16. Ukibadilisha moja tu kati ya hizo, omu zake zilingane na za wenzake, la sivyo mmoja atabeba mzigo kuliko wengine. Kabla ya kukata waya wowote kwenye boksi la spika nyingi, lipige picha kwa simu.

Wati zinafuata. Spika moja kwenye amplifaya ya wati 40 iwe na wati 60 au zaidi, kwa sababu amplifaya inayosukumwa hadi kukoroma hutoa zaidi ya ilivyoandikwa. Greenback ya wati 25 ni spika tamu, ila ukiiweka peke yake kwenye Hot Rod Deluxe na kuifungulia, unaitafutia kifo. Vintage 30 ni ya wati 60, ile 30 ya kwenye jina isikuchanganye. Spika yenye wati nyingi kupita kiasi haina madhara, ni uzito na gharama tu, na kwa mtu anayepiga solo safi isiyokoroma, kama ya rumba, hizo wati za ziada zinaifanya sauti ibaki imenyooka hata ukiongeza.

Cha tatu hakisomwi na wengi: desibeli. Kwenye karatasi ya maelezo ya spika kuna namba kama 97 au 100, maana yake sauti inayotoka ikipewa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati za amplifaya mara mbili. Greenback ina 98, Vintage 30 ina 100. Kwa hiyo mpigaji anayelalamika kwamba amplifaya yake ya wati 20 haisikiki kanisani anaweza kupata nafuu kubwa kwa spika ya desibeli 100 kabla hajafikiria kununua amplifaya nyingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo hela inayofanya kazi kuliko zote kwenye vifaa vya gitaa, kuliko hata pedali.

Mwisho pima nafasi. Spika ya gitaa ya inchi 12 ina upana wa nje wa kama milimita 309 na inaingia kwenye tundu la milimita 283 hivi, matundu ya skrubu manne au manane, kwa hiyo mbele hapana shida. Shida iko nyuma. Sumaku kubwa inaweza kugonga transfoma au valvu zinazoning'inia juu yake. Pima kina kutoka kwenye ubao wa mbele hadi kitu cha kwanza kilichoko nyuma ya sumaku, ulinganishe na kina cha spika mpya. Ikiwa uzito unakusumbua, zipo zenye sumaku ya neodimiamu ambazo ni nyepesi sana. Neo Creamback ya Celestion haifiki kilo 2.

Kutoa ya zamani

Chomoa plagi ukutani. Amplifaya ya valvu iache ipoe, nusu saa inatosha. Ilaze kifudifudi juu ya taulo au godoro, upande wa kitambaa ukiwa chini, ili spika isiwe inaning'inia unapofungua nati. Kama valvu zipo karibu na sumaku, ziandikie namba, uzitoe kwa kitambaa kikavu ukizivuta moja kwa moja bila kuzipindisha, uziweke mbali. Nyaya za kopo la mwangwi (reverb) lililoko sakafuni mwa boksi zisogeze pembeni.

Piga picha ya nyaya za spika. Angalia ni upi unaokwenda kwenye kishikizo chenye alama ya kujumlisha au doa jekundu. Kama zimechomekwa kwa klipu, zivute kwa koleo ukishika klipu, usivute waya. Kama zimelehemiwa, pasha joto na uvute taratibu.

Kisha fungua nati au skrubu, moja moja kwa kuvuka upande wa pili, ukibakiza mbili zinazotazamana hadi mwisho. Hapa weka kadibodi juu ya karatasi ya spika na ifunike yote unapofanya kazi. Sumaku inavuta bisibisi kwa nguvu, na mkono ukiteleza kidogo tu chuma kinatoboa karatasi kabla hujajua kimeenda wapi. Kwa ile ya zamani haijalishi. Ila anza mazoea hayo sasa, kwa sababu mkono uleule ndio utakaofunga mpya.

Spika ikigoma kutoka baada ya nati zote kuisha, imeganda kwenye rangi au kwenye kikaratasi cha ukingo. Izungushe kidogo kushoto na kulia. Usiichokonoe kwa bisibisi kwenye ubao.

Kufunga mpya

Kabla ya kuifunga, ipime. Omu kwa maltimita, kisha betri ya volti 1.5: gusa upande wa kujumlisha wa betri kwenye kujumlisha cha spika na wa kutoa kwenye kutoa, mara moja na kuachia. Karatasi inatakiwa ijitokeze mbele. Spika ikiwa moja, hata ukigeuza nyaya huenda usisikie tofauti. Zikiwa mbili ni lazima zote ziende mbele pamoja, kwani zikipishana besi inapotea na sauti inakuwa na uwazi wa ajabu katikati. Baadhi ya spika za zamani za JBL zilitengenezwa kinyume, zinarudi nyuma, kwa hiyo zikichanganywa na nyingine kipimo cha betri ndicho kinachosema ukweli.

Itumbukize spika huku vishikizo vya waya vikielekea upande ambao waya unafika bila kuvutwa. Zungushia nati zote kwa vidole kwanza. Halafu kaza kwa kuvuka: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, robo mzunguko kila moja, unarudia. Unapohisi fremu imekaa na kikaratasi cha ukingo kimebanwa, ongeza kidogo uishie hapo. Anayekaza mpaka mwisho hudhani anazuia mtetemo, kumbe anaipinda fremu, na fremu ikipinda milimita moja koili inaanza kukwaruza. Kwa kosa hilo spika mpya inaweza kurudishwa dukani bure. Baada ya kukaza, rudia kusukuma karatasi kwa vidole. Ikikwaruza, legeza zote uanze upya.

Nati za meno zilizogongwa ndani ya ubao zikizunguka zenyewe, usitumie nguvu. Toa spika, zirudishe kwa nyundo zikiwa na gundi kidogo ya mbao, subiri ikauke.

Nyaya sasa. Kama za zamani ni nzima, tumia hizo. Ukibadilisha, weka waya wa spika wenye nyuzi mbili nene, milimita za mraba 1 hadi 1.5 unatosha na kubaki. Usitumie waya wa gitaa uliokatwa. Ule ni mwembamba ndani na haukutengenezwa kwa mkondo wa spika. Ukilehemu, paka risasi kwenye waya kwanza, kisha gusa kishikizo kwa chuma sekunde mbili tatu, risasi iyeyuke, toa. Kwenye kishikizo hichohicho ndipo zile nyuzi zilizosukwa zimeshikwa, na ukikawia na joto zitaachia. Vuta waya kidogo kuona kama umekamata. Hakikisha hakuna unywele wa shaba unaogusa fremu.

Kuwasha

Rudisha valvu na kopo la mwangwi mahali pake. Hakikisha spika imeunganishwa. Weka sauti sifuri, washa, na kama kuna swichi ya kusubiri (standby), subiri dakika moja kabla ya kuifungulia. Sikiliza. Mvumo hafifu ni wa kawaida. Ongeza polepole na upige uzi mnene wa E, uuache ulie.

Ukisikia mtetemo mahali, zungusha mkono kwenye boksi huku mtu mwingine akipiga uzi uleule: ubao wa nyuma, mpini, nembo ya mbele, chemchemi za mwangwi. Mara nyingi ukibonyeza kitu fulani mtetemo unakoma, na hapo umempata mhusika. Usifungue spika tena kabla hujamaliza hivyo vyote.

Spika mpya huwa ngumu na kali kidogo. Ipigie kwa sauti ya wastani siku za mwanzo, gitaa safi, ukipiga zaidi nyuzi nene, karatasi ilegee. Baada ya kama wiki mbili za kupiga, fungua ubao wa nyuma uguse nati zote kwa spana, kwa sababu kikaratasi cha ukingo hubonyea na nati hulegea. Ile ya zamani, kama fremu yake ni nzima, mpelekee fundi anayefunga koili. Mwambie ni ya gitaa na umwonyeshe karatasi ilivyo, maana akiweka koni nzito ya disko utarudishiwa spika inayolia lakini isiyopiga gitaa.